Kitanda Kati ya Mtu na Mkwewe

Tangu asubuhi Sista Mbinya hakuwa amekalia kiti. Alikunja shuka zilizokwisha kukunjwa, akakagua chupa za maji alizokwisha kuzikagua, akatoka mlangoni kutazama barabara ya Kanyangi jinsi ilivyochimbwa na mvua za El Nino, akarudi tena ndani. Wauguzi wadogo wa wadi ya watoto walikonyezana. Alihangaika kama kuku anayetaka kutaga, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yai liko wapi.

Yai lilikuwa ofisini kwa Daktari Abubakar.

Abubakar huyu alikuwa daktari wa kuwatia wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka wauguzi wakawa wanakiogopa kidogo. Alikuja katika hospitali ile ya misheni mwaka uliotangulia, na jambo la kwanza lililomkera lilikuwa ukimya wa wadi ya watoto. Watoto waliopasuliwa jana wanalalaje kimya hivi? Akajibiwa kama walivyojibiwa wote waliouliza kabla yake: mtoto mdogo hasikii sana maumivu, na akiyasikia atasahau. Dawa kali, zile za kufungiwa kabatini, zilikuwa za watu wazima. Mtoto alipewa panadoli ya maji, na mama yake akaambiwa ambembeleze.

Mbinya alikuwa amesikia maneno hayo tangu alipovaa kofia ya uuguzi, na hakuwahi kuyaamini hata siku moja. Kwa hiyo Abubakar alipoleta karatasi mpya kutoka ng'ambo, ya kupima maumivu ya mtoto ambaye bado hajui kujieleza, aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa karatasi ya kawaida tu. Mtazame mtoto uso, miguu, mwili, sikiliza kilio chake, kisha uone kama anabembelezeka. Kila kimoja ukipe alama, ujumlishe. Sifuri maana yake ametulia. Kumi maana yake anateseka.

Kuiweka katika Kikamba na Kiswahili kuliwatoa jasho. Neno moja la Kiingereza lilimaanisha mtoto anajipindapinda asipate pa kukaa, na walibishana juu yake Jumamosi nzima. Walipomaliza, walimpa mwalimu mstaafu Jonah maneno yao ayarudishe katika Kiingereza bila kuona yale ya kwanza. Jonah alirudisha kila kitu salama, isipokuwa mahali pamoja alipoandika kwamba mtoto anajikunja kama mtu aliyekula maharagwe mabichi. Walicheka, wakarekebisha, wakamaliza. Mbinya alienda nyumbani siku hiyo akiimba.

Lakini kamati ya hospitali haikutaka nyimbo. Ilitaka ithibitishwe kwamba karatasi hiyo inasema kweli kwa watoto wa hapa. Watu wawili wamtazame mtoto mmoja kwa wakati mmoja, wakiwa wamesimama pamoja, kila mmoja aandike alama zake bila kumwambia mwenzake. Wakikubaliana mara nyingi, wauguzi watapewa ruhusa ya kumtolea mtoto dawa kali kwa kufuata karatasi. Wasipokubaliana, kabati litabaki kama lilivyo. Kamati ilikuwa inakaa kesho, Ijumaa.

Na asubuhi hiyo Abubakar alikuwa amemwita Mbinya, akamwonyesha hesabu.

"Sista, tazama hapa. Wewe umeandika saba. Nzioka ameandika mbili. Mtoto ni mmoja, dakika ni zile zile. Na hapa hivyo hivyo. Na hapa. Mmoja wenu angekuwa amesimama Kambu na mwingine Mwingi, nisingeshangaa." Alivua miwani, akajifuta macho. "Basi tafsiri imetushinda. Ni neno gani halikueleweka?"

"Maneno yako sawa, Daktari."

"Kama maneno yako sawa, kosa liko wapi?"

Mbinya alitazama viatu vyake. "Sijui, Daktari."

Alijua. Alijua kama mtu anavyojua jino lake linalouma ni lipi, hata kama amekataa kulionyesha.

Mpimaji mwenzake, Nzioka, alikuwa afisa wa kliniki, kijana hodari, mwepesi wa kucheka. Ni yeye na Mbinya tu waliopelekwa Nairobi wakafundishwa kupima. Wakati wa kutafsiri walikaa meza moja, wakila mahindi ya kuchoma kutoka mfuko mmoja, na Mbinya alikuwa akimsuta kwamba mwandiko wake ni wa kuku. Kisha Nzioka akamwona Nzilani, binti wa kwanza wa Mbinya, na mambo yakaenda yanavyoenda. Mbuzi wa ntheo walipelekwa mwezi wa nne. Tangu siku mbuzi hao walipofungwa uani kwa Mbinya, Nzilani akawa mke wa mtu kweli kweli, na Nzioka akawa mkwe.

Na mkwe si mtu wa kula naye mahindi. Wakamba wana jina la jambo hilo, nthoni, heshima iliyochanganyika na haya. Mama hamkaribii mume wa binti yake. Hamgusi, hali mbele yake, hamkazii macho. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Pasta wao alikuwa ameshahubiri kwamba hayo ni mambo ya kale, na Mbinya mwenyewe, katika mkutano wa akina mama wa kanisa, alisimama akasema kwa sauti kubwa kwamba sisi tumeokoka, hatuna nthoni. Ni rahisi kusema hivyo katika mkutano wa akina mama. Siku ya kwanza alipokutana na Nzioka kwenye veranda ya hospitali baada ya ntheo, miguu yake ilimgeuza yenyewe, akajikuta ameingia stoo ya mifagio.

Hawakuwa wamepatana chochote. Hakuna aliyesema wewe simama kule. Lakini kila walipoitwa kupima mtoto, Nzioka alienda upande wa kichwa, kati ya kitanda na ukuta, na Mbinya alibaki upande wa miguu, pazia likiwa limevutwa nusu katikati yao. Yeye aliona miguu. Nzioka aliona uso. Kila mmoja alimpima nusu ya mtoto, na nusu iliyobaki akaikisia.

Hapo ndipo saba na mbili zilipotoka. Mtoto anayemwona mwanamume mwenye koti jeupe kichwani pake hukaza uso kwa woga, akanyamaza kama jiwe, na Nzioka huandika kwamba ametulia. Huko chini miguu inakunjwa na kukunjuliwa, na Mbinya anaandika kwamba anateseka. Na si kwamba Mbinya ndiye aliyekuwa na haki kila mara. Kuna mtoto mmoja wa Mwingi aliyempa alama nyingi kwa sababu alikuwa anarusha miguu, kumbe huko juu alikuwa anacheka na mama yake. Lakini aliyeandika dawa ni Nzioka, kwa hiyo alama za Nzioka ndizo zilizofuatwa, na watoto wengi walipewa panadoli ya maji.

Mbinya angeweza kumtumia ujumbe kwa mdomo wa muuguzi mdogo, kama wakwe wanavyofanya. Karatasi ilikataza. Wapimaji wasisemezane. Angeweza pia kumwomba Abubakar atafute mpimaji mwingine, lakini angeeleza sababu gani? Aanze kumsema mkwe wake mbele ya mgeni? Basi alikaa kimya, wiki baada ya wiki, akijiambia kwamba namba zitajisawazisha zenyewe. Namba hazina huruma hiyo.

"Tumebaki na mtoto mmoja," Abubakar alikuwa amemwambia asubuhi hiyo alipokuwa akitoka ofisini. "Kisilu, kitanda cha dirishani. Leo nitakuja niwaone kwa macho yangu mnavyopima. Nisipoelewa, kesho nitaiambia kamati kwamba karatasi hii haifai kwetu, tuiache."

Ndiyo maana hakukalia kiti.

Kisilu alikuwa mtoto wa miaka mitatu kutoka Kambu, ambako mama yake, Muthoki, aliuzia abiria wa mabasi machungwa. Minyoo ilikuwa imemziba utumbo, akapasuliwa jana yake. Muthoki alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache. Alikaa kando ya kitanda, mkono wake ukimpapasa mtoto paji la uso, na kila muuguzi alipopita alimwamkia kwa adabu, kisha akarudi kwa mtoto wake.

Saa nane Nzioka aliingia wadi. Alipita upande wa mbali, macho yake sakafuni, akajipenyeza kati ya kitanda na ukuta. Mbinya alisimama miguuni nyuma ya pazia. Abubakar alibaki mlangoni, akitazama saa yake ya mkononi.

"Haya, anzeni."

Mbinya aliinamisha kichwa. Nyayo mbili ndogo zilikuwa nje ya blanketi, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja vikikamata hewa. Magoti yalipanda polepole kuelekea tumboni, yakatetemeka, yakashuka, yakapanda tena. Alishika kalamu. Kabla hajaandika, mkono wa Muthoki ulishuka, ukavuta blanketi kwa upole, ukaifunika miguu yote.

Sasa Mbinya hakuona kitu. Mbele yake palikuwa na blanketi la kijivu na pazia la kijani, na nyuma ya pazia kivuli cha mkwe wake. Sauti ya kilio haikuwapo. Alisikia kalamu ya Nzioka ikikwaruza karatasi, na alijua inaandika nini. Ataandika ametulia. Mtoto atapewa kijiko cha panadoli, kesho kamati itafunga faili, na kabati litabaki na kufuli lake mpaka watoto wengine wazaliwe, wapasuliwe, wakaze nyuso zao.

Hasira ilimpanda. Haikuwa ya Nzioka wala ya Abubakar. Alijikasirikia mwenyewe, mwanamke mzima na kofia yake nyeupe, amejificha nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku huku mtoto wa watu anaungua ndani kwa ndani.

Alilivuta pazia mpaka mwisho na kuzunguka kitanda.

Nzioka alisikia viatu, akainua kichwa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Hapakuwa na njia ya kutoka. Kushoto ukuta, kulia kitanda, na mbele yake mama mkwe akija moja kwa moja. Kalamu ilimwanguka.

"Mwaitu!" alisema kwa sauti ya chini, yaani mama yetu. "Mwaitu, tafadhali."

"Usinitazame mimi," Mbinya akamwambia. Uso ulimwaka moto kwa aibu. "Hata mimi sikutazami. Mtazame mtoto. Wote wawili tumtazame mtoto tu."

Akasimama kando yake, bega karibu na bega. Mama mmoja kwenye kitanda cha pili alijifunika mdomo kwa leso. Mbinya akainama, akaliondoa blanketi lote.

Basi wakamwona Kisilu mzima, kwa mara ya kwanza. Tumbo lilikuwa limekazwa chini ya bandeji, miguu inapanda na kushuka, jasho limemlowesha nywele za mbele. Na ule uso wa utulivu, ukiutazama pamoja na miguu, haukuwa utulivu hata kidogo. Meno yalikuwa yamebanwa. Macho yalikuwa yameganda kwenye koti la Nzioka.

Nzioka aliona. Bila kuambiwa na mtu, alilivua koti, akalikunja, akaliweka sakafuni nyuma yake. Uso wa Kisilu ulishikilia kidogo, kisha ukavunjika. Midomo ikapinda, macho yakajaa, na kilio kikatoka, kilio chembamba cha mtoto ambaye amekizuia tangu jana na hana tena nguvu ya kukitoa kwa sauti. Muthoki alimpapasa, akamwimbia, akampuliza usoni. Hakubembelezeka.

Waliandika. Nzioka alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Abubakar alikuja akazichukua zote mbili, akazisoma, akazisoma tena.

"Nane," alisema. "Na nane." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Hebu mpeni mtoto dawa kwanza, kisha mtaniambia."

Nzioka aliandika pethidini, mojawapo ya zile dawa kali, matroni mwenye kutunza kabati akaleta ufunguo, Mbinya akadunga sindano. Wakangoja. Abubakar ndiye aliyeuliza tena, kwa upole.

"Nilidhani mmegombana. Wiki zote hizi nimekuwa nikijiuliza hawa wawili wamekoseana nini."

Mbinya alifungua kinywa, lakini Nzioka alimtangulia. Alisema akitazama koti lake pale sakafuni. "Daktari, huyu ni mama wa bibi yangu. Kwetu mtu na mkwewe hawasimami hivi. Sasa mimi nilikuwa naangalia kichwa, yeye anaangalia miguu. Hatukuwa tunapima mtoto mmoja. Hiyo ndiyo siri yote."

"Na hamkuniambia?"

"Ungeambiwa na nani?" Mbinya akasema. "Mimi niliogopa utatuona watu wa porini. Karatasi haina makosa, Daktari. Tafsiri haina makosa. Zile alama za zamani zitupe zote, ni za uwongo. Tuanze upya."

Abubakar akatikisa kichwa. "Mficha uchi hazai," alisema, na hakusema kwa kejeli. "Kesho nitaieleza kamati ukweli, na nitaomba muda. Watanipa. Ila mjue, mpaka tumalize kupima upya, muuguzi hana ruhusa ya kufungua lile kabati. Itachukua miezi."

Miezi. Mbinya alikuwa ametegemea kufukuzwa, au kuchekwa. Hakuwa amefikiria miezi. Miezi hiyo yote wangekuwa wameshaimaliza kama angetembea hatua chache kuzunguka kitanda mwezi wa tano.

Miguu ya Kisilu ilikuwa imeanza kulegea. Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Mtoto alivuta pumzi ndefu yenye kwikwi, kichwa kikaangukia kiganja cha mama yake, akalala. Muthoki alimtazama akilala, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa upesi.

"Asante, Sista. Tangu jana jioni hajafunga jicho," alisema. "Kila mkienda ndiyo analia, chini chini tu."

"Ulijua anaumwa?"

"Mimi ni mama yake. Nitakosaje kujua?"

"Na mbona ukamfunika miguu?" Mbinya hakuweza kuizuia sauti yake. "Nilikuwa naiangalia! Mbona hukusema?"

Muthoki aliinamisha uso. Alitumia muda kutafuta maneno yasiyomvunjia mtu heshima.

"Niliwaona jana mkisimama mmoja huku, mwingine kule, pazia katikati. Nikajua ni mtu na mkwewe. Hata hawa wenzangu waliniambia, tangu siku ya kwanza, hapa sista na daktari ni wakwe, usiwape shida. Sasa mimi ningesemaje, Sista? Niite daktari aje upande wako? Niite wewe uende upande wake? Ningewaaibisha. Nikaona heri nimfunike, mmalize haraka, mtoke kwenye taabu."

Mbinya alishika chuma cha kitanda. Kwa miezi yote alidhani siri ni yake na Nzioka peke yao. Kumbe kila mwanamke aliyekaa kando ya kitanda katika wadi hii aliijua, na akaitunza, mmoja akimkabidhi mwingine. Walikuwa wamewaheshimu. Walikuwa wamewasitiri, wakawafunika watoto wao miguu, wakawanyamazisha, ili sista na mkwewe wasiaibike. Heshima hiyo yote ilikuwa imelipwa na watoto.

Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyowahi kuiona kazini, na kuna siku mbovu alizoziona. Abubakar alisema jambo, hakulisikia. Aligeuka akaenda kitanda cha pili, kwa yule mama aliyejifunika mdomo kwa leso. Kitandani palikuwa na msichana aliyepasuliwa mguu, macho wazi, kimya.

"Anaumwa?" Mbinya akauliza.

Mama alimtazama yeye, kisha akamtazama Nzioka kule nyuma, kisha akatazama chini.

"Nakuomba, mama. Sahau mimi ni nani. Mtoto anaumwa?"

"Anaumwa, Sista. Tangu juzi."

Nyuma yake alisikia hatua. Nzioka alikuwa amekuja bila koti, kalamu mkononi, akasimama kando yake, karibu, akimtazama mtoto. Waliandika. Abubakar alipokea karatasi, akamwambia matroni asiondoke na ufunguo. Daktari alikuwapo, na leo angeidhinisha dawa mwenyewe. Wakaenda kitanda kilichofuata.

"Na huyu?"

"Ndiyo, Sista. Usiku ndiyo mbaya zaidi."

Mama wa kitanda cha nne hakungoja kuulizwa. Alipowaona wanakuja pamoja, mama mkwe na mkwe, aliinuka, akalifunua blanketi kwa mkono wake mwenyewe, akasukuma kiti chake mpaka ukutani, akawaachia nafasi ya watu wawili.